Kabla ya Kumnyang'anya Mzee Ufunguo wa Gari

Mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Wapo wengi ambao miaka yote ya kazi hawakumiliki gari. Walipanda daladala au basi la ofisi, na wakubwa wachache waliendeshwa. Mafao yakitoka ndipo gari linanunuliwa, mara nyingi Toyota iliyotumika kutoka Japani, ya gia otomatiki, redio yake ikiongea Kijapani ambacho hakuna mtu nyumbani anayekielewa. Ndiyo maana tuna kundi ambalo vitabu vingi vya usalama barabarani vya Ulaya havilizungumzii: madereva waliozeeka kabla ya kuuzoea usukani. Kule mzee wa miaka 70 huenda ameendesha kwa miaka 50. Hapa kwetu anaweza kuwa ameendesha saba.

Mjadala kuhusu mzee na gari huanza baada ya mkwaruzo getini au bampa kung'oka. Watoto wanapigiana simu, wanaulizana nani atamwambia Baba aache kuendesha. Ni swali halali, na kuna siku lazima liulizwe. Lakini mara nyingi linaulizwa peke yake, bila lile linalopaswa kuandamana nalo: akiacha, atafikaje hospitali, benki, msibani, shambani, msikitini au kanisani? Naamini hayo ni swali moja. Familia au serikali inayojibu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili inamtoa mzee kwenye hatari anayoijua na kumwingiza kwenye hatari kubwa zaidi.

Nchi tajiri zimeshapita njia hii, na inafaa tuone zilikwama wapi. Januari 2019, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham alipokuwa akiingia barabara kuu. Gari lake lilipinduka. Yeye alitoka salama, ila mwanamke aliyekuwa kwenye gari la pili alivunjika kifundo cha mkono. Philip alieleza kwamba jua lilikuwa chini na lilimpiga machoni. Mwezi uliofuata alirudisha leseni. Aprili mwaka huohuo, mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 aliua mama na binti yake wa miaka mitatu. Mahakama iliridhika kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki, na mwaka 2021 ikamhukumu kifungo cha miaka mitano. Mwaka ule wa 2019 Wajapani takriban 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari.

Ukisoma habari hizi ukiwa Dar es Salaam, utaona jibu ni rahisi: tuweke ukomo wa umri, tupime kila mtu akifika 70, asiyefaulu aache. Lakini Prince Philip aliporudisha leseni alikuwa na madereva wa kumpeleka popote. Mzee wa Tokyo akirudisha leseni, treni iko karibu na inafika kwa dakika iliyotangazwa. Na hata huko kwenye treni na mabasi mazuri, kupima watu kwa umri hakujaleta kilichotarajiwa. Mwaka 1996 watafiti walilinganisha Finland, ambako dereva aliyefika 70 alitakiwa kupimwa na daktari ili aendelee kuwa na leseni, na Sweden, ambako hapakuwa na sharti hilo. Hawakuona tofauti ya maana katika ajali za madereva wazee. Walichokiona ni kwamba Finland ilikuwa na vifo vingi zaidi vya wazee waliokuwa nje ya gari, wanaotembea kwa miguu na wa baiskeli. Denmark nayo iliongeza kipimo cha akili na kumbukumbu kwa madereva wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta vifo vya madereva wazee havikupungua, ila vifo vya wazee wasiokuwa ndani ya magari vilipanda.

Matokeo hayo yanapaswa kututisha sisi kuliko Wadenmark. Mzee wa Copenhagen aliyenyimwa leseni alishuka kwenye njia pana ya watembea kwa miguu, yenye taa na kivuko kinachoheshimiwa. Wa kwetu anashuka pembeni ya barabara ya lami isiyo na njia ya miguu, kati ya mfereji ulio wazi na bodaboda inayopita kushoto.

Hilo halimaanishi kwamba umri haubadilishi kitu. Unabadilisha mengi, na la kwanza ni jicho. Mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20 aliyesimama naye palepale. Mboni imekuwa ndogo na haifunguki sana gizani, na lenzi ya jicho imeanza kuwa ya manjano. Pia jicho lililopigwa na mwanga mkali linachukua muda mrefu zaidi kurudi kwenye hali yake. Sasa mpeleke mzee huyo barabara ya Bagamoyo saa mbili usiku. Gari linalokuja limewasha taa fulu. Nyuma yake kuna bodaboda isiyo na taa. Vioo vya gari la mzee vimebandikwa tinti kwa sababu fundi alimwambia inapunguza joto, na taa za mbele za gari lake lenye umri wa miaka 18 zimefifia na kuwa na ukungu wa manjano. Baada ya lile gari kupita, kwa sekunde kadhaa anaendesha bila kuona vizuri, na ndani ya sekunde hizo bodaboda imeshamfikia.

Karibu kila kitu katika hali hiyo kinarekebishika. Tinti inabanduliwa. Taa zinasuguliwa zikarudisha uangavu, au zinabadilishwa. Kioo cha mbele kilichochanwa na waipa kinabadilishwa. Miwani ya zamani inapimwa upya. Safari za usiku zinahamishiwa mchana, jambo ambalo wazee wengi wanalifanya wenyewe bila kuambiwa; ni miongoni mwa sababu zinazofanya dereva mzee kwa kawaida awe mwangalifu kuliko kijana wa miaka 22. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikuu cha upofu duniani, anaondolewa kwa upasuaji mfupi unaofanyika CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na hospitali nyingine. Utafiti wa Alabama, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta madereva wazee waliofanyiwa upasuaji huo walipata ajali karibu nusu ya wale wenye mtoto wa jicho ambao hawakufanyiwa. Sijui hatua nyingine ya usalama barabarani inayotoa faida kubwa hivyo kwa mtu mmoja. Nasikitika kila nikiona familia imemficha Baba ufunguo bila kwanza kumpeleka kwa daktari wa macho.

Na huko kwa daktari isiishie kusoma herufi ukutani. Presha ya macho hula pembe za uoni polepole, bila maumivu, na mtu anaweza kusoma herufi zote huku haoni kinachotokea ubavuni. Bodaboda na watoto wanaokimbilia mpira hutokea ubavuni.

Baada ya macho kuna shingo na magoti. Mzee asiyeweza kugeuza shingo anarudi nyuma kwa kukisia. Kamera ya nyuma, ambayo magari mengi ya Japani yanakuja nayo, ni msaada wa kweli hata kama maneno yaliyo kwenye skrini hayasomeki. Kwa anayechanganya breki na mafuta, mguu ukisogea kwa ugumu kutoka pedali moja kwenda nyingine, kiti kisogezwe na kiatu kibadilishwe. Ndala haifai kuendeshea. Hali ikiendelea, hiyo ni dalili nzito na si ya kufunika.

Dawa nazo zinahitaji kutajwa kwa majina, maana tunazinunua dirishani bila mazungumzo. Piriton inaleta usingizi hata kwa kijana. Anayechoma insulini au kumeza baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushuka sukari akiwa kwenye foleni, akachanganyikiwa kabla hajajitambua. Ale kabla ya kuwasha gari, na aweke kitu cha sukari karibu na mkono. Dawa za presha humfanya mwingine apate kizunguzungu. Mfamasia aulizwe swali moja tu: nikimeza hii naweza kuendesha?

Kuhusu barabara yenyewe, wazee huumia zaidi kwenye makutano, hasa pale wanapokata kona kuvuka mkondo wa magari yanayokuja. Kwetu, tunaoendesha upande wa kushoto, hiyo ni kona ya kulia. Lazima ukadirie mwendo wa gari linalokuja, uangalie bodaboda inayopenya pembeni, uangalie anayevuka kwa miguu huko unakoingia, yote kwa wakati mmoja, na aliye nyuma yako anapiga honi. Kugawanya akili namna hiyo ndiko kunakopungua mapema. Suluhisho ni la mzee kupanga njia kabla ya kutoka: anyooshe mpaka kwenye mataa au kipilefti ageuzie huko, au azunguke kwa kona za kushoto. Atachelewa kidogo. Na anayepiga honi nyuma yake anyamaze.

Kuna mahali ambapo sioni mjadala. Mzee akianza kupotea kwenye njia aliyoipita miaka 20, akasahau alikokuwa anakwenda, au akashindwa kueleza mkwaruzo ulitokana na nini, gari liwekwe pembeni siku hiyohiyo huku akipelekwa kuchunguzwa kumbukumbu. Macho yanatibika. Ugonjwa wa kusahau unazidi, na unamnyima mgonjwa uwezo wa kuona kwamba anao. Hapo heshima kwa mzazi haiwezi kupewa uzito kuliko mtoto wa jirani anayecheza barabarani.

Ila maneno yatoke kinywani kwa nani? Kwetu mtoto hamwambii baba yake kirahisi kwamba hawezi tena kufanya jambo. Hata kama ana miaka 45 na ndiye anayelipa bima, bado anatoa shikamoo. Nimeona ujumbe huohuo ukikataliwa kwa mtoto wa kwanza na kupokelewa kwa shangazi, kwa sababu shangazi amekua naye na ana haki ya kumsema. Mwingine atamsikiliza rika lake wa kijiweni, au daktari mwenye mvi. Ni kosa kumtuma mkwe, na ni kosa kubwa zaidi kumfichia ufunguo na kumdanganya kwamba gari liko kwa fundi. Atakapogundua, na atagundua, hatakuamini tena hata kwenye mambo ya dawa.

Anayekwenda kusema aende na kitu mkononi. Jumla ya mafuta, bima, oili, matairi na fundi kwa mwezi iandikwe kwenye karatasi, na kiasi hicho kiwekwe kwa ajili ya safari zake: bajaji ya kijana anayejulikana mtaani, mwenye namba kwenye simu ya mzee, anayejua kusubiri mpaka abiria akae na kuweka fimbo ndani. Siku za kliniki na za ibada zijulikane mapema. Familia ikifika na mpango wa namna hii, mara nyingi mzee ndiye anayeanza kusema mwenyewe kwamba usiku haoni vizuri.

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na wenye miaka 60 na zaidi walikuwa karibu milioni 3.5. Walio wengi kati yao hawajawahi kushika usukani. Usalama wao wa barabarani uko mikononi mwa konda, mwa dereva wa bodaboda na mwa mhandisi aliyechora kivuko.

Tuanze na ngazi ya daladala. Kwenye magari mengi iko juu kiasi kwamba mtu mwenye magoti mabovu anahitaji kuvutwa. Konda anapiga bati, gari linaondoka, mzee bado amesimama akitafuta bomba la kushika. Tafiti za Ulaya zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya wazee wanaoumia ndani ya mabasi huumia bila basi kugonga kitu chochote. Wanaanguka linapoondoka, linapofunga breki au wanaposhuka. Kwa mtu wa miaka 75, kuanguka huko kunaweza kuvunja nyonga, na nyonga iliyovunjika ni mwanzo wa miezi kitandani. Abiria wengi wa Dar bado wanampisha mzee kiti, na hilo ni jambo jema la kujivunia. Linalokosekana ni sekunde tano za dereva kusubiri mpaka akae, na sekunde hizo haziwezi kutegemea huruma wakati dereva anakimbizana na hesabu ya tajiri.

Kisha kuvuka. Wanaopanga taa za vivuko hutumia mara nyingi mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti wa England uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wanaume 84 kati ya 100 na wanawake 94 kati ya 100 wenye miaka 65 na zaidi walitembea polepole kuliko hapo. Wastani wa wanawake ulikuwa mita 0.8 kwa sekunde. Chukua barabara ya njia nne yenye upana wa mita 14. Kijana anaimaliza kwa sekunde 12. Bibi anahitaji zaidi ya 17. Katika tofauti hiyo, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, linasafiri karibu mita 80. Dereva aliyemwona bibi akiwa katikati na kuhesabu kwamba "atakuwa ameshapita" amehesabu kwa miguu ya kijana. Singapore ilianza mwaka 2009 kuwapa wazee njia ya kugusisha kadi kwenye nguzo ya taa ili kijani kiongezeke sekunde kadhaa. Huko kwenye kadi si lazima tufike. Kisiwa cha katikati ya barabara, ambapo mtu anasimama akipumzika kabla ya kumaliza nusu ya pili, hujengwa kwa zege na matofali. Lakini sisi tunapenda daraja la juu, lenye ngazi nyingi, kisha tunawalaumu wazee kwa kupita chini yake.

Vijijini hali ni nyingine. Katika Wilaya ya Kibaha, shirika la kutetea wazee la HelpAge International na Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza walifanya utafiti ambao wazee wenyewe walifundishwa kuhoji wenzao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Bodaboda zilikuwa zimewafungulia wazee njia ya kufika hospitali kutoka vijiji ambako gari halipiti, na wakati huohuo nauli yake ilikuwa mzigo, na hofu ya ajali haikuwa ndogo. Anayeidharau bodaboda hajawahi kuwa na mama mgonjwa mahali ambapo ndiyo usafiri pekee. Kwa hiyo namtaka dereva wa bodaboda afundishwe kubeba mzee: apande abiria mmoja tu, kofia ngumu ivaliwe, mwendo upunguzwe kwenye matuta na rasta, na mama aliyekaa upande kwa sababu ya kanga apewe muda wa kujishikilia.

Serikali imetoa ahadi nyingi zilizo njema. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na hospitalini kuna dirisha la wazee na matibabu bila malipo kwa wasiojiweza. Lakini matibabu ya bure yanaanzia mlangoni mwa hospitali. Mwanafunzi ana nauli yake kwenye daladala. Bibi yake analipa ya mtu mzima, mara nyingi kwa magari mawili au matatu kwenda na kurudi. England wamewapa wazee safari za bure za basi nchi nzima tangu 2008. Sidai bure. Nadai LATRA, ambayo ndiyo inayopanga nauli, iweke nauli ya mzee kwa saa zisizo na msongamano, na tajiri wa gari afidiwe ili konda asimkimbie mzee kituoni kama anavyomkimbia mwanafunzi.

Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza Dar mwaka 2016 ulituonyesha kwamba tunaweza kujenga kituo ambacho sakafu yake iko usawa mmoja na mlango wa basi, mtu akaingia bila kupanda ngazi. Kazi iliyobaki pale ni ya kusimamia foleni, ili anayeingia kwanza asiwe mwenye viwiko vikali. Mlango mmoja wa kila basi ukitengwa kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu saa za asubuhi, na askari akasimama hapo, hakuna zege jipya linalohitajika.

Na halmashauri za Dar es Salaam zianzie mbele ya hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala. Zipime kwa saa ya mkononi bibi anachukua sekunde ngapi kufika ng'ambo, zijenge kisiwa katikati ya barabara pale ambapo hakipo, ziweke tuta kabla ya zebra, na zipake rangi ile zebra ambayo imefutika.